Kunukuu sauti za madaktari: Mzigo usiopita forodhani, lakini sifuri moja yaweza kuua

Mfanyabiashara anayevusha vitenge au nyanya pale Busia anajua uzito wa sifuri. Ikiongezeka moja tu kwenye karatasi ya forodha, mzigo wa shilingi 80,000 unageuka kuwa wa 800,000. Ushuru unapanda, dereva anashinda kwenye foleni, na wakala anapigiwa simu mara kumi. Hata hivyo kosa hilo hurekebishika. Karatasi huandikwa upya, muhuri hugongwa na gari huondoka.

Katika jimbo la Alabama, Marekani, mwaka 2008, sifuri moja haikurekebishika. Mama mmoja mwenye kisukari aliruhusiwa kutoka hospitali na kupelekwa kituo cha kumsaidia arudishe nguvu. Daktari alikuwa amerekodi kwa sauti yake muhtasari wa matibabu, pamoja na kipimo cha insulini: yuniti 8. Sauti hiyo ikapitia kwa kampuni ya kati hadi India, ikanukuliwa huko, ikarudi hospitalini ikiwa maandishi. Maandishi yalisema yuniti 80. Muuguzi wa kituo kipya hakuwa na sababu ya kuishuku karatasi ya hospitali kubwa. Alimdunga kama alivyosoma, na mama huyo akafa. Mwaka 2012 jopo la raia waliosikiliza kesi hiyo liliamua familia ilipwe dola milioni 140.

Kisa hicho ndicho cha kwanza ambacho kijana wa Malaba, Namanga au Rusumo anapaswa kusimuliwa anapoambiwa kuwa kuna kazi ya kukaa nyumbani, kusikiliza sauti za madaktari wa ng'ambo na kulipwa kwa dola. Kazi hiyo ipo kweli, na imelisha watu wengi India, Pakistan na Ufilipino kwa miaka mingi. Wanaoitangaza kwenye simu husema kinachotakiwa ni kuchapa haraka, na hapo ndipo wanapopotosha. Hospitali hailipii vidole. Inalipia uhakika kwamba 8 itabaki kuwa 8.

Kazi yenyewe

Daktari akimaliza kumwona mgonjwa hutakiwa aache kumbukumbu. Kwa kuwa kuandika kunamla muda, madaktari wengi, hasa Marekani, husema kwenye kinasa sauti au simu. Mnukuzi hupokea faili la sauti, huvaa hedifoni, husikiliza na kuandika ripoti kwa mpangilio ambao hospitali imeuweka. Wengi hutumia pedali ya mguu kusimamisha na kurudisha sauti nyuma, ili mikono isiondoke kwenye kibodi.

Ripoti ziko za aina nyingi, ila nne ndizo mkate wa kila siku: historia ya mgonjwa pamoja na uchunguzi wa mwili wake, maelezo ya upasuaji, ushauri wa daktari bingwa, na muhtasari wa kumruhusu mgonjwa. Huo wa mwisho ndio uliomponza mama wa Alabama. Ni hati inayosafiri. Huandikwa na mtu mmoja na kusomwa na mwingine ambaye hakuwepo, naye hufanya uamuzi kwa kuiamini.

Saa za dunia zinaipendelea Afrika Mashariki. Daktari wa New York anayefunga kazi saa kumi na mbili jioni anarekodi wakati Kampala na Dodoma ni saa saba usiku, au saa nane majira ya baridi yanapofika kwao. Mnukuzi anayeamka alfajiri ana saa kadhaa za kazi, na ripoti inakuwa mezani kabla daktari hajanywa chai yake ya asubuhi. Wahindi waliuza faida hiyo kwa miongo miwili. Pwani ya Afrika Mashariki ilipounganishwa na nyaya za intaneti za chini ya bahari kuanzia 2009, mlango huo ulifunguka huku pia.

Sikio kwanza, vidole baadaye

Ugumu wa kazi uko kwenye maneno yanayofanana kama mapacha. Kwa Kiingereza, 'hypertension' ni presha ya kupanda na 'hypotension' ni presha ya kushuka. Daktari aliyechoka, anayezungumza huku akitembea kwenye korido yenye kelele, hutamka yote mawili karibu sawa. 'Dysphagia' ni shida ya kumeza. 'Dysphasia' ni shida ya kuzungumza. 'Ileum' ni sehemu ya utumbo mwembamba, na 'ilium' ni mfupa wa nyonga. Mwenye kasi ya maneno 80 kwa dakika asiyejua tofauti hizo anakosea kwa kasi hiyo hiyo.

Anayejua huamua kwa kuangalia habari nzima. Kama mgonjwa ameletwa akiwa amezimia, amepoteza damu nyingi na anatundikiwa maji, ni vigumu kuamini kuwa presha ilikuwa ya kupanda. Ndiyo maana mafunzo ya kweli huanza na mwili wa binadamu na majina ya dawa kabla ya kibodi.

Istilahi zenyewe hazitishi zikishapasuliwa vipande. Nyingi zimeundwa kwa mizizi ya Kigiriki na Kilatini, na mzizi mmoja hurudi katika maneno mengi. 'Nephr' ni figo, 'cardi' ni moyo, 'gastr' ni tumbo. Neno likiishia na '-itis' lina maana ya sehemu hiyo kuvimba na kuwaka, na likiishia na '-ectomy' sehemu hiyo imekatwa na kutolewa. Kwa hiyo 'appendectomy' ni kutolewa kidole tumbo. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea viambishi vinavyobadilisha maana ya neno zima, hana sababu ya kuogopa utaratibu wa namna hii.

Halafu kuna kanuni za namba, ambazo zinapaswa kumpendeza kila mwenye kuweka daftari la mauzo. Mwaka 2004 taasisi inayoidhinisha hospitali za Marekani, Joint Commission, ilitoa orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku. Mmoja ni herufi U kumaanisha yuniti, kwa kuwa ikiandikwa haraka hufanana na sifuri na kugeuza 8 kuwa 80. Vilevile miligramu 1 haiandikwi 1.0, kwa sababu nukta isipoonekana inasomeka 10. Lakini nusu miligramu lazima iandikwe 0.5, kwani bila sifuri ya mbele mtu husoma 5.

Na pale sikio linaposhindwa kabisa? Mnukuzi mzuri huacha pengo, huandika dakika na sekunde ya mahali hapo kwenye sauti, na kuirudisha kwa mkaguzi au daktari. Wanaoanza huona haya kurudisha karatasi yenye mapengo, wakidhani wataonekana hawajui. Katika taaluma hii pengo ni uaminifu, na kubahatisha ndilo kosa linalomfukuzisha mtu kazi.

Hesabu ya mfuko

Malipo kwa desturi huhesabiwa kwa mstari. Mstari wa kitaalamu ni herufi 65, nafasi zikiwemo. Anayetafuta kazi na asiulize mstari wa mwajiri una herufi ngapi ni sawa na anayenunua mahindi kwa gunia bila kuuliza kama ni la kilo 90 au la lumbesa.

Kwa hesabu ya mfano tu, chukulia malipo ni senti 4 za dola kwa mstari. Mwenye uzoefu akitoa mistari 120 kwa saa anapata dola 4.80, na kwa saa sita za kazi halisi ni dola 28.80. Anayeanza, ambaye huenda hafikishi mistari 40 kwa saa kwa sababu kila sentensi anairudia mara tano, anapata dola 1.60. Hapo hajatoa bando la intaneti, umeme, makato ya kupokea fedha kutoka nje, wala tofauti ya bei ya dola. Na kama mwajiri analipa baada ya siku 30 au 45, huo ni mkopo ambao mnukuzi amempa bila riba.

Kwa sababu hiyo anayeanza hapaswi kuacha kibanda chake au kuuza mtaji. Miezi ya mwanzo ni ya kujifunza. Kompyuta ya kawaida inatosha, pamoja na hedifoni nzuri zinazoziba kelele za nje na programu ya kuchezesha sauti. Express Scribe, inayotumiwa na wengi, ina toleo la bure. Pedali inaweza kusubiri. Kuchapa bila kutazama kibodi hujifunzwa bila malipo kwenye intaneti kwa nusu saa kila siku. Nchini Kenya, mpango wa serikali wa Ajira Digital ulioanza 2016 unafundisha unukuzi wa kawaida miongoni mwa stadi nyingine. Chuo cha KMTC kina kozi za kumbukumbu za afya, ambazo humpa kijana msingi imara zaidi kuliko cheti chochote cha wiki mbili kinachouzwa mtandaoni.

Mnyororo wa madalali

Wafanyabiashara wa mpakani wanawajua madalali: maharage yanatoka shambani kwa bei moja, yanapita mikono minne, na mkulima ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Unukuzi una madalali wake.

Oktoba 2003 hospitali ya chuo kikuu mjini San Francisco ilipokea barua pepe kutoka Karachi, Pakistan. Mwandishi wake alikuwa mwanamke aliyenukuu ripoti za wagonjwa wa hospitali hiyo, na hakuwa amelipwa. Aliambatanisha kumbukumbu za wagonjwa halisi na kutishia kuzimwaga hadharani kwenye intaneti asipopata haki yake. Hospitali ilishtuka, kwa maana haikuwahi kumwajiri mtu Karachi. Uchunguzi ulionyesha kuwa ilitoa kazi kwa kampuni ya California, kampuni ikampa mwanamke wa Florida, naye akampa mwanamume wa Texas, ambaye ndiye aliyeivusha hadi Pakistan. Kila mkono ulikata chake, na wa mwisho ukabaki mtupu. Baadaye alipewa sehemu ya fedha na akaondoa tishio, lakini siri za wagonjwa zilikuwa zimeshatembea.

Alikuwa na dai halali la mshahara, na alilidai kwa njia isiyosameheka. Lakini lililo muhimu kwa kijana wa huku ni kwamba aliyekaa mwisho wa mnyororo hana mkataba na mwenye mali. Hana pa kushtaki. Afrika Mashariki mnyororo huo umevaa sura ya akaunti za kukodi: mtu mwenye akaunti iliyokubaliwa na kampuni ya nje huwapa wengine watano wafanye kazi kwa jina lake na kuwagawia anachotaka. Kampuni ikigundua hufunga akaunti, na malipo ya mwezi hupotea. Kwa kazi za kawaida hiyo ni hasara ya fedha. Kwa kumbukumbu za wagonjwa ni kuvunja sheria, kwa kuwa watu watano ambao hawakula kiapo chochote wameshasoma habari za ugonjwa wa mtu.

Dalili nyingine za kukwepa si ngeni kwa waliowahi kutapeliwa sokoni. Mwajiri anayedai ada ya usajili kabla ya kazi. Jaribio la saa tatu za sauti lisilo na malipo, ambalo kwa hakika ni kazi ya mteja. Anayekataa kuweka bei ya mstari kwenye maandishi.

Mashine imeingia sokoni

Itakuwa kumdanganya msomaji kusema mlango wa Marekani uko wazi kama zamani. Idara ya takwimu za kazi ya nchi hiyo inatabiri kuwa ajira za wanukuzi wa kitabibu zitaendelea kupungua. Kompyuta sasa inasikiliza na kuandika yenyewe. Mwaka 2022 Microsoft ilikamilisha kuinunua Nuance, kampuni kubwa ya programu za kusikia sauti za madaktari, kwa mabilioni ya dola. Kampuni ya kiasi hicho hainunuliwi kwa ajili ya mapambo.

Kilichobaki kwa binadamu ni kuhariri. Mashine inaandika, mtu anasikiliza huku akisoma na kusahihisha. Malipo ya mstari uliohaririwa ni madogo kuliko ya mstari ulioandikwa upya, na jicho linahitaji ukali zaidi, kwa kuwa makosa ya mashine ni safi: tahajia ni nzuri, sentensi imenyooka, ila neno si lile. Wakati mwingine mashine hubuni. Utafiti uliochapishwa 2024 kuhusu programu moja maarufu, Whisper, ulikuta kuwa takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilivyopimwa vilipewa maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Asilimia 1 ni kidogo hadi mtu akumbuke yuniti 8 na 80.

Chama cha taaluma hii Marekani, kilichoanza 1978, kiliuona upepo huo mapema na 2007 kikaliondoa neno 'unukuzi' kwenye jina lake, likawekwa 'uadilifu wa kumbukumbu za afya'. Vyeti vyake viwili, RHDS kwa wanaoanza na CHDS kwa wenye uzoefu, vinapima uwezo wa kugundua kosa zaidi ya kasi. Aliyejenga msingi huo anaweza kuhamia ukaguzi wa ubora, au kazi ya kuipa magonjwa namba za kimataifa, ambazo hospitali na bima hulipana kwazo.

Soko lililo mlangoni

Wengi wanaoota dola za Marekani hawaoni kazi iliyo mlangoni kwao. Taasisi za utafiti wa afya katika ukanda huu, kama KEMRI ya Kenya na Ifakara ya Tanzania, hufanya mahojiano na wananchi kwa lugha zao: kina mama kuhusu kujifungua, madereva wa malori kuhusu maradhi ya njiani, wavuvi kuhusu malaria. Mahojiano hayo hurekodiwa. Lazima yaandikwe neno kwa neno, na mara nyingi yatafsiriwe Kiingereza. Vyuo vikuu na mashirika hufanya vivyo hivyo.

Hapa mashine bado inachechemea. Imefunzwa zaidi kwa Kiingereza. Ikisikia mama wa Mutukula akianza kwa Kiswahili, akaingia Kihaya na kumalizia Kiganda, inapotea njia. Binti aliyekulia nyuma ya meza ya mamake sokoni, akibadilisha lugha kwa kila mteja, hapotei. Sikio hilo lina thamani, na shule haikumfundisha.

Kuna na njia ya pili. Ripoti za hospitali Bujumbura na mashariki mwa Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kwa Kiingereza. Mfanyabiashara wa Goma au Uvira aliyewahi kumvusha mzazi wake kwenda kutibiwa Kampala au Nairobi anajua usumbufu wa kufika mbele ya daktari na bahasha ambayo hawezi kuisoma. Mnukuzi mwenye lugha zote mbili, aliyesomea istilahi na anayefanya kazi chini ya daktari anayesaini ripoti, ana la kufanya hapo. Neno 'anayesaini' lisirukwe. Ripoti ya Alabama ilitoka hospitalini bila daktari kuipitia.

Kisheria, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inahusu huduma pia, si bidhaa tu. Mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 anakijua cheti rahisi cha uasilia anachojaza mpakani. Ripoti ya mgonjwa haina cheti hicho wala foleni, ila ina sheria yake. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na zinaweka masharti ya kuzivusha nje ya nchi. Mnukuzi wa Gatuna anayefungua faili la mgonjwa wa Kigali akiwa upande wa Uganda amevusha kitu, hata kama hakuna askari aliyemsimamisha. Mkataba uandikwe nani ni mwenye taarifa, zinahifadhiwa wapi na zinafutwa lini. Simu inayotumiwa na familia nzima si mahali pa kuzihifadhi, na duka la intaneti stendi ni baya zaidi.

Mzazi anayefikiria kumlipia mwanawe kozi anaweza kumpima kwanza nyumbani bila kutoa hata shilingi. Amtafutie kipindi cha afya cha redioni, arekodi dakika kumi, kisha kijana aandike kila neno lililosemwa. Ikimchukua zaidi ya saa moja asikatishwe tamaa. Hata wazoefu hukadiriwa kutumia takriban dakika nne kwa kila dakika moja ya sauti safi. Mtu mwingine asikilize upya huku ameshika karatasi na kalamu nyekundu. Ahesabu maneno yaliyorukwa, yaliyobuniwa na yaliyoachiwa pengo, lakini aanzie na tarakimu.